Tuje Wapi?

Pale kituoni walimwita Shangazi, ingawa umri wake ulikuwa bado wa kuitwa binti na kila mtu. Jina lilimpata siku yake ya kwanza ya mafunzo. Dereva wa gari la wagonjwa alijigonga kidole cha mguu kwenye gogo la kuzuia tairi, na kabla hajamaliza kulaani, msichana mgeni mwenye begi la chuo mgongoni alikuwa amekwisha kumvutia kiti, amemmiminia pole za kutosha msiba mzima, na anamuuliza kama ana mtu wa kumsindikiza nyumbani. Wazimamoto wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Leo tumeletewa shangazi!" alisema mmoja wao, na jina likanata kama gundi kwenye nguo.

Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea huduma za dharura. Asubuhi walikaa darasani wakiandika, mchana wakaja kituoni kujifunza kwa mikono. Wengine walipangiwa magari. Mwenzake mmoja, ambaye kituo kizima kilimwita Spana kwa kuwa aliwahi kusahau spana juu ya gari la maji na ikasafiri nalo mji mzima, alipangiwa gari la wagonjwa. Shangazi alipangiwa chumba cha simu.

Kilikuwa chumba kirefu, chembamba, chenye madirisha yanayotazama uwanja wa magari. Meza zilipangwa ubavu kwa ubavu, kila moja na simu yake, redio ya kuongea na magari, na hedifoni zenye waya uliojikunja kama mkia wa nguruwe. Ukuta mmoja wote ulikuwa ramani ya mji. Juu ya ramani palibandikwa karatasi yenye maneno mawili kwa herufi kubwa: MAHALI KWANZA.

Aliyeibandika ni Msimamizi, mama wa makamo aliyekuwa amezima moto kwa mikono yake mpaka goti likamkatalia kupanda ngazi. Hakuwa mtu wa kelele. Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu waliinama kidogo ili waisikie.

"Simu ni kitu cha kukatika," aliwaambia wanachuo siku ya kwanza. "Betri itakwisha, mtandao utapotea, moshi utamziba mtu mdomo. Ukishajua alipo, hata laini ikifa, gari litafika na hao waliomo watajionea wenyewe. Ukijua mengine yote na hujui alipo, umejua hadithi. Kwa hiyo ukipokea, neno la kwanza ni lipi?"

"Uko wapi!" wakaitikia kama watoto wa chekechea.

Shangazi aliitikia kwa sauti kuliko wote. Akaliandika, akalipigia mstari. Tena alikuwa akiliamini. Lakini kujua kuogelea ukiwa kitandani ni jambo moja, na maji ni jambo lingine.

Siku ile yenyewe ilikuwa mchana mtulivu. Simu ikaita mezani kwake, naye akapokea. Mwanamke alikuwa analia, na nyuma yake mtoto analia zaidi.

"Jamani nisaidieni! Mwanangu kajimwagia maji ya moto!"

"Oh, pole mama! Pole sana. Usilie, mama, tuko pamoja. Ameungua sehemu gani? Mkono? Pole. Mmwagie maji ya kawaida, mengi, usimpake kitu. Ana umri gani huyo mdogo wetu?"

Mwanamke alianza kujibu, na laini ikakatika.

Shangazi alipiga tena. Simu haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Uwanjani gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha washwa. Dereva alichungulia dirishani akainua kidevu, ishara yao ya kuuliza: wapi? Spana naye alikuwa amesimama mlangoni mwa gari, mguu mmoja ndani, mwingine chini. Shangazi aliwatazama kupitia kioo, akapiga tena. Injini ikaendelea kunguruma mahali pamoja.

Baada ya muda ambao kwake ulikuwa mrefu kama foleni ya hospitali, mwanamke yule alipiga kwa simu ya jirani, na meza ya pili ikampokea. "Uko wapi?" ndilo neno la kwanza aliloulizwa. Gari likatoka. Mtoto alifikiwa, mkono ukafungwa vizuri, na jioni Spana alileta habari kwamba yule mdogo alikwisha nyamaza na kuomba awashiwe king'ora.

Kwa hiyo hakuna aliyekufa. Msimamizi hakufoka. Alimwambia tu, "Njoo," akamtoa mpaka uwanjani, akafungua mlango wa gari la wagonjwa, upande wa dereva.

"Panda."

Shangazi akapanda.

"Endesha."

"Mimi? Niende wapi?"

Msimamizi alimnyooshea kidole usukani. Shangazi akashika usukani, akauachia, machozi yakamlengalenga.

"Gari haliendi kwa huruma, mwanangu," Msimamizi alisema taratibu. "Linaendeshwa kwenda mahali. Moyo wako ni mzuri, sitaki uupunguze. Lakini unautanguliza, nao unaziba njia." Alinyoosha goti lake, akaegemea mlango. "Kuanzia kesho nitakaa pembeni yako na hedifoni ya pili, nasikiliza. Sitasema neno. Siku nitakayolazimika kuingia kwenye laini mimi mwenyewe, ujue nimekutoa. Utarudi chuoni umalize kwa vitabu, na kiti chako atakikalia mwingine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Haya, shuka. Dereva anakodoa macho, anadhani namnyang'anya ajira."

Nyumbani, Shangazi aliishi na bibi yake, mama wa mama yake. Bibi ndiye aliyemlea, na malezi ya Bibi yalikuwa na kanuni moja iliyozidi zote: mtu haulizwi swali kabla hujamjulia hali. Kumuuliza mtu jambo bila salamu, kwa Bibi, ilikuwa sawa na kuingia nyumba ya watu kupitia dirishani. Hivyo usiwe mwepesi wa kumlaumu msichana. Kitu alichofanya na mama yule kwenye simu ndicho alichosifiwa tangu alipoanza kutamka.

Jioni ile walikaa jikoni, Bibi akimenya viazi, Shangazi akiosha vyombo. Alimweleza yote, kisha akasema, "Bibi, nisaidie mazoezi. Jifanye nyumba inaungua, unanipigia simu."

"Nyumba ipi? Hii?"

"Yoyote, Bibi. Chukua huo mwiko ndiyo simu."

Bibi akafuta mikono, akaweka mwiko sikioni, akakohoa kidogo kama mtu anayeenda kuhutubia.

"Haloo. Hamjambo hapo?"

"Dharura. Uko wapi?"

Bibi akautoa mwiko sikioni, akautazama, akaurudisha. "Nimesema hamjambo."

"Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Hapa wapi?"

"Kwani hunioni?"

"Bibi! Mimi niko kituoni, sikuoni. Nyumba inaungua!"

"Inaungua, ndiyo. Lakini hata ikiungua mimi bado ni mtu mzima. Wewe mtoto wa nani, hujui hata kuitikia?" Bibi akaweka mwiko chini. "Mimi huyo ningemkatia simu, nikachota maji mwenyewe."

Shangazi alicheka mpaka povu likamrukia puani, lakini kicheko hakikufika mbali. Akaketi kwenye kigoda, mikono ikichuruzika maji.

"Watanitoa, Bibi."

Bibi alirudia viazi vyake. Akamenya kimoja, akakitupa kwenye sufuria. "Na yule kijana je? Wa siku ile nilipoanguka. Yeye hakuwa na haraka hata kidogo."

Yule kijana ndiye aliyemfanya mjukuu wake asomee kazi hii. Shangazi alikuwa bado shule ya msingi Bibi alipoanguka mlangoni na kupoteza fahamu. Alipiga namba ya dharura, na sauti ya kijana asiyemjua ikakaa naye sikioni mpaka gari likafika. Alimwambia amlaze Bibi kwa ubavu. Alimwambia amshike mkono. Alimwambia, "Uko vizuri, mdogo wangu, uko vizuri sana." Sura yake hakuwahi kuiona. Yeye alitaka siku moja awe sauti ile kwa mtu mwingine, na mpaka sasa alidhani sauti ile ilikuwa upole mtupu.

Lakini sasa alijaribu kuikumbuka simu ile tangu mwanzo, neno kwa neno, na akakuta pengo. Hakukumbuka kabisa kuulizwa yuko wapi.

"Bibi, gari lilijuaje pa kuja?"

"Si ulimwambia?"

"Nilimwambia saa ngapi?"

"Nitajuaje mimi? Mimi nilikuwa nimezimia."

Lazima kijana yule aliuliza. Lazima lilikuwa neno lake la kwanza, kabla ya kumlaza Bibi kwa ubavu na kabla ya lile "mdogo wangu". Aliliuliza kwa namna ambayo mtoto mwenye hofu hakuhisi kwamba anahojiwa. Shangazi alirudi kwenye vyombo, akawa anasugua sufuria ambayo ilikwisha takata zamani.

Siku zilizofuata alifanya alivyoambiwa. Msimamizi aliketi pembeni na hedifoni ya pili, waya wake umechomekwa kando ya ule wa Shangazi, kidole kikiwa kando ya kitufe cha kuingilia. Simu zilikuja za kila aina. Nyaya zilizoanguka barabarani. Mtu aliyejifungia nje na kuacha jiko linawaka. "Uko wapi?" aliuliza Shangazi kila mara, mara ya kwanza kabisa, na sauti ikamtoka kavu kama ya askari wa getini. Wengi walijibu. Mmoja alishtuka akakata, ikabidi apigiwe. Mwingine akauliza, "Kwani nimefanya kosa gani?"

Spana alimtania katika chumba cha chai. "Shangazi siku hizi umekuwa mjomba! Jana nimekusikia kwenye redio nikajishika mfukoni kutafuta kitambulisho."

"Wewe rudisha spana za watu."

"Haya, hilo tusilirudie."

Msimamizi hakusifu wala hakukosoa. Kidole chake kilikaa palepale kando ya kitufe.

Kisha ikaja simu ya mzee.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka, na Shangazi alikuwa na darasa jioni ile. Taa ndogo ya simu ikawaka. Upande wa pili palisikika pumzi tu, halafu sauti ya mtu aliyezoea kuongea bila kukatizwa.

"Haloo. Hapo ni kwa zimamoto? Hamjambo hapo?"

Neno kavu lilikuwa tayari ulimini. Lakini aliisikia ile pumzi. Mtu huyu alikuwa anashikilia salamu kama anayeshikilia ukingo wa ngazi, na ukimbandua vidole ataanguka.

"Hatujambo, babu," alisema kwa pumzi moja. "Tuje wapi?"

Pembeni, kidole cha Msimamizi kilisogea. Kwenye mafunzo neno lilikuwa "uko wapi", si hilo.

"Eh," mzee akasema, na sauti yake ikashuka kama mzigo unaotuliwa. "Mje nyumbani. Mke wangu ameanguka bafuni. Mlango haufunguki, yeye mwenyewe ndiye ameuzuia kwa ndani."

"Tunakuja. Nyumbani ni wapi, babu?"

"Kwa Mwalimu. Uliza mtu yeyote."

"Mimi sina wa kumuuliza ila wewe. Mtaa gani?"

"Pale palipokuwa na kiwanda cha sabuni, unaingia ndani kidogo."

Shangazi aliinua macho kwenye ramani. Kiwanda cha sabuni hakikuwepo. Kilikuwa kimekufa labda kabla yeye hajazaliwa. Uwanjani gari lilikuwa limekwisha washwa, na dereva ameinua kidevu. Msimamizi aliweka kidole juu ya kitufe. Hakubonyeza.

"Babu, kiwanda hakipo kwenye ramani yangu. Unaongea na simu ya mkononi?"

"Ndiyo."

"Bibi anakusikia?"

"Anaguna."

"Mwambie kwa sauti kwamba tunakuja. Mwambie unatoka mpaka getini kutuelekeza, utarudi sasa hivi. Usikate simu."

Alimsikia mzee akimwita mke wake kwa jina la mtoto wao, Mama Fulani, akimwambia asiogope. Halafu ndara zikaburuzwa sakafuni, komeo likalia, na upepo ukaingia kwenye simu.

"Nipo getini."

"Unaona nini?"

"Naona barabara."

"Zaidi ya barabara, babu. Kitu kirefu."

"Lipo tangi la maji. La kijani, juu ya mnara. Na shule ya watoto wadogo, wameichora chora wanyama ukutani, hovyo tu, twiga mwenye miguu mifupi."

Matangi ya kijani kwenye ramani yalikuwa kadhaa. Shangazi alisimama, waya ukanyooka, kidole chake kikatembea kutoka alama hadi alama. Yenye shule jirani yalikuwa mawili, moja mashariki mwa mji, moja magharibi. Umbali kati yake ulikuwa wa kutosha kumpoteza mtu.

"Babu, hilo tangi liko mbele yako?"

"Mbele yangu hasa."

"Na jua? Linakupiga usoni au kisogoni?"

Mzee akasema kwa mshangao, kama mwanafunzi aliyegundua hesabu. "Usoni. Hata tangi lenyewe silioni vizuri."

Kwa hiyo tangi lilikuwa magharibi ya geti. Kwenye ramani, tangi la kwanza lilikuwa na nyumba upande wa magharibi tu, na ng'ambo yake ya mashariki bonde. La pili lilikuwa na mtaa mzima mashariki yake. Shangazi aliligusa kwa kidole, akashika redio kwa mkono wa pili, akataja mtaa, tangi la kijani, shule yenye twiga, geti linalotazama machweo, mzee amesimama nje. "Mgonjwa kaanguka nyuma ya mlango wa bafu, njooni na vifaa vya kung'oa mlango." Gari likatoka kabla hajaachia kitufe cha redio.

"Wameondoka, babu. Acha geti wazi, urudi ndani kwa bibi. Usiusukume mlango, utamuumiza. Keti chini pale nje ya mlango uongee naye."

Ndara zikaburuzwa tena. Alimsikia mzee akikaa chini kwa shida, magoti yakilia, akimwambia mke wake kwamba vijana wako njiani. Mke akajibu kitu, kwa sauti ya mbali, ya kulalamika.

"Anasemaje?"

"Anasema nimpe kanga, asije kukutwa hivyo na watoto wa watu."

"Mpenyezee chini ya mlango kama inapita."

Ikapita. Kisha palikuwa hakuna la kufanya ila kungoja, na hapo Shangazi akajua kwamba sasa, ndiyo, ni wakati wake.

"Na wewe, babu," alimuuliza. "U hali gani?"

Mzee alipojibu, sauti ya ualimu ilikuwa imekwisha, akabaki mtu tu.

"Naogopa, mwanangu. Sijawahi kuishi nyumba hii bila yeye."

"Pole, babu. Pole sana. Niko hapa. Siendi popote."

Alikaa naye. Hakuzungumza sana. Alimuuliza wamekaa hapo tangu lini, akaambiwa tangu kiwanda kilipokuwa kinafanya kazi na mtaa mzima ukinukia usafi, hata masikini. Akacheka kidogo, mzee naye akacheka kidogo. Alikuwa katikati ya habari za twiga, akisema alikwisha wahi kumweleza mchoraji, pale iliposikika sauti ya Spana, kwa mbali, ikipiga kelele kutoka getini.

"Hodi! Wenyewe! Tumefika!"

"Wamefika," mzee akasema, "wamefika," na simu akaiacha sakafuni bila kukata. Shangazi alisikiliza vishindo, bisibisi ikilia kwenye bawaba, Spana akisema, "Bibi, shikamoo, tunautoa mlango, fumba macho, vumbi hilo." Mwishowe mtu akaikanyaga simu, na laini ikafa.

Chumba kilikuwa kimya isipokuwa feni. Shangazi hakugeuka kumtazama Msimamizi. Alikaa na mikono mapajani akingoja redio. Ilipoongea, ilikuwa sauti ya dereva, isiyo na haraka.

"Tuko naye. Nyonga inamuuma, lakini yuko macho na anatufokea tumevunja mlango. Tunaelekea hospitali. Mzee tumempakia pia."

"Nimekupata," alisema Shangazi, akairudisha redio mahali pake.

Msimamizi alivua hedifoni, akaziweka shingoni. "Umechelewa kumtoa mpaka getini," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Ulipoona kiwanda hakipo, hapohapo. Ulipoteza pumzi mbili tatu kwa kushangaa ramani."

"Ndiyo."

"Na vifaa vya mlango ungewaambia mapema, wavipakie gari likingali hapa."

"Ndiyo."

"Hilo la tuje wapi, nani kakufundisha?"

Shangazi alifikiri. Angeweza kumtaja Bibi, au kijana yule wa zamani, na yote mawili yangekuwa kweli nusu. "Nilidhani ataogopa kuulizwa," alisema. "Nikaona bora ajue tunakuja, halafu atuambie njia."

Msimamizi aliitikia kwa kichwa, si kwa kusifu, zaidi kama mtu anayepima kitu kiganjani. "Wapo watakaohitaji uwaulize kikavu," alisema. "Mtu akipayuka, upole hausikiki."

"Nitajifunza hilo."

"Utajifunza." Akainama, goti likalia, akachomoa waya wa hedifoni ya pili kwenye kisanduku. Aliuviringisha taratibu mkononi mpaka ukawa duara, akautia kwenye droo ya meza yake mwenyewe, ile ya mwisho, karibu na mlango. "Darasa lako bado?"

"Bado kidogo."

"Basi simu zisikungojee." Akachukua kikombe chake, akaenda zake kutafuta chai, akichechemea ukumbini.

Kiti cha pembeni kikabaki kitupu. Shangazi alikisogeza kidogo ili apate nafasi ya kiwiko, akanyoosha waya wake uliobaki peke yake, akavuta pumzi. Nje, uwanja ulikuwa na nafasi tupu lilipokuwa gari la wagonjwa, na la pili lilikuwa linasogezwa mahali pake.

Taa ndogo ya simu ikawaka. Hakutazama pembeni. Akapokea.